Simba Watatu Langoni kwa Mzee Elkanah

Jumatatu, 4 Agosti

Kultum anakuja! Simu yake imenikuta juu ya ngazi dukani natundika pazia la maua. Nimeshuka na pazia, fimbo yake na kipande cha ukuta. Sijali. Mke wangu anafika Jumamosi.

Ila haji peke yake. Anakuja na kaka yake Mohammad, mwenye mashine ya kusaga nafaka kule kwetu Tanga. Mohammad ndiye aliyemjaza maneno kwamba huku Kenya nilikokimbilia ni mawe, joto na nzi wa ziwani. Anataka nirudi nikakae mlangoni mwa mashine yake napokea magunia. Mimi! Mtu wa mapazia!

Wamepatana hivi. Kultum akipapenda hapa Homa Bay, anabaki na mimi. Asipopapenda, Jumatano ijayo tunapanda basi sote watatu kurudi Tanga, na duka nafunga. Nimesema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Kusema kweli namtaka mke wangu hapa. Nimechoka kula peke yangu nikitazamana na ukuta.

Kuna tatizo dogo. Kila nikimpigia, miaka yote hii mitatu, nimekuwa nikimsimulia maajabu ya huku. Mahekalu ya kale. Maziwa ya ajabu. Wanyama wa porini mpaka mlangoni. Ilikuwa kunogesha maongezi tu. Njia ninazozijua hasa ni ya nyumbani, ya dukani, ya msikitini, na ya kwa Trizah anayekaanga samaki.

Basi nitayatafuta hayo maajabu kabla ya Jumamosi. Lazima yapo. Nchi nzima haiwezi kukosa ajabu hata moja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na Abdishakur, jirani yangu wa mabati na misumari. Huyu anatoka Garissa na hakuna kitu duniani ambacho Garissa hakipo kikubwa zaidi. Nimemuuliza kama hapa karibu kuna hekalu. Amesema hakuna. Nimemuuliza ana hakika gani. Amesema lingekuwepo angekuwa ameliuzia mabati.

Nikaenda kwa Trizah. Trizah huniita Jatanga, yaani mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kinanitia uchungu mwilini, lakini samaki wake hana mfano. Amenitazama kwa huruma. Amesema, "Si ile ya Wahindi! Hapo nyuma ya stoo. Unaegeshanga mkokoteni hapo kila siku, Jatanga."

Kweli! Miaka mitatu mkokoteni wangu umeegemea ukuta wa hekalu!

Mlinzi wake ni Okemwa, Mkisii mpole, anatunza ufunguo tangu wenye hekalu walipohamia mji mkubwa. Nimemnunulia soda, akafungua. Nimeingia kutazama tu, mikono nyuma. Mlango wa mbao umechongwa tausi, mkia umeenea mpaka juu. Ndani vigae vya buluu. Mkuyu umeota ukutani na kutoboa paa, na mwanga unaingia kupitia majani yake. Nilisimama nikasahau nilichofuata.

Kisha nikaona kengele. Okemwa akasema nisiipige. Nikaipiga. Popo! Popo wengi kuliko wateja wangu wa mwaka mzima! Nilitoka mbele yao.

Hata hivyo, hekalu ninalo. Okemwa hajui lilijengwa lini, kwa hiyo nimeamua lina miaka mia saba.

Jumatano, 6 Agosti

Leo ziwa la ajabu. Si hili kubwa, hili kila mtu analijua. Trizah amesema kule Kendu Bay kuna ziwa dogo, Simbi, la kijani, halina samaki. Nimeuliza ziwa lisilo na samaki lina faida gani. Amesema hata mimi niko na sina faida, na watu wananivumilia.

Nimekodi bodaboda. Ziwa lenyewe ni kijani kama mchuzi wa mchicha, limezama katikati ya ardhi kama sufuria. Na heroe! Wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wamejaa ukingoni! Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi amenisimulia kwamba zamani hapo palikuwa kijiji. Bibi kizee alipita kwenye sherehe, wakamnyima chakula, usiku maji yakapanda yakakifunika kijiji chote. Nimeazimia kubeba biskuti kwa kila bibi nitakayekutana naye.

Nikaona heroe wako mbali mno kwa macho ya Mohammad, yasiyopenda kuona kizuri. Nikaamua kuwazoesha waje karibu. Nikawarushia mkate. Hawakujali. Nikasogea. Tope likanimeza mpaka magotini na kubaki na kiatu changu cha kushoto, kile kizuri.

Heroe wakaruka wote kwa pamoja. Anga ikawa ya waridi. Nilisimama kwenye tope, mguu mmoja mtupu, nikatamani Kultum awe kando yangu pale pale. Nilijikasirikia pia. Yote haya yalikuwa hapa, na mimi nilikuwa napanga mapazia.

Dereva wa boda alicheka kutoka Kendu Bay mpaka dukani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Nimepata! Mohammad amekwisha!

Nilikuwa kwa Trizah nalalamika kwamba nina hekalu na ziwa lakini sina mnyama. Akasema kama nataka kutembea niende Magunga, karibu na mbuga, kwa mjomba wake Mzee Elkanah. Kule kuna kuta za mawe za watu wa kale, zimepangwa bila saruji, na kutoka juu unaona mbali. Nikamuuliza kama boma la mjomba ni rahisi kulitambua. Akasema nitaliona tu, maana, haya ndiyo maneno yake, "simba ziko tatu hapo kwa gate."

Nikadondosha samaki.

Kwanza nikamsahihisha. Simba ni mnyama, tunasema simba wako watatu. Akasema haya Jatanga, simba watatu, ukipenda. Nikauliza ni wa nani. Akasema moja ni ya Ken, moja ni ya Frankline, hao ni vijana wa mzee, na ingine ni ya zamani. Nikauliza kama hao vijana hawaogopi. Trizah akashangaa. Akasema waogope nini, Ken analala kwa simba tangu atoke shule. Ni mtu mzima, hawezi kulala kwa nyumba ya mamake.

Nimeishi na watu hawa miaka mitatu nikidhani ni wavuvi tu!

Mimi Kijaluo sijifunzi. Si dharau. Naogopa kukiharibu Kiswahili changu, ambacho ni cha kurithi. Lakini leo nimeona faida ya kukijua Kiswahili sawasawa. Mtu mwingine angesikia ile "simba ziko" akadhani inazungumzwa habari ya vyungu au viti. Mimi nilielewa palepale.

Nimemtumia Mohammad ujumbe wa sauti. Nimemwambia ajitayarishe kuona simba watatu waliofugwa, wasiohitaji hata kamba. Amejibu kwa neno moja: tutaona. Abdishakur amesikia, akasema Garissa simba huingia mpaka dukani. Nikamwambia basi aje na pikapu yake Jumatatu ajionee. Amekubali haraka mno. Ana wivu.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimempigia Mzee Elkanah. Mtu mwenye sauti ya ngoma. Nimemwambia Jumatatu naleta bibie kutoka Tanga, pamoja na kaka yake, waje kuona simba wa Ken. Sikusema ni mke wangu. Mtu wa mipango mikubwa hachanganyi na mambo ya nyumbani.

Kisha mzee akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka nikaondoa simu sikioni. Akasema Ken ana miaka thelathini na nne na walikuwa wamekata tamaa. Nadhani hakuna aliyewahi kuja kumtazama simba wake. Inasikitisha.

Akauliza kama bibie ana tabia nzuri. Nikasema hana mfano. Anajua kupika? Nikamsifia samaki wake wa kupaka kwa dakika nzima. Na kaka yake hana kinyongo? Nikasema kaka yake anasafiri kutoka Tanga kwa ajili hiyo hiyo. Mzee akafurahi, akaniita "jagam". Amenishukuru, amesema jagam mzuri siku hizi hapatikani. Nadhani ni cheo, kitu kama mheshimiwa.

Nikauliza hali za simba. Ya Ken, amesema, iko sawa kabisa, juzi imepakwa udongo. Nimesoma kwamba wanyama hupenda udongo kwa ajili ya nzi. Ya Frankline inavuja mvua ikinyesha. Mafua hayo! Na ile ya zamani imeliwa na mchwa, inaegemea tu, siku yoyote itaanguka. Masikini mnyama! Karibu nilie.

Mwisho akasema kama wageni watachelewa wanaweza kulala ndani ya simba. Hapa niliitazama simu. Kisha nikakumbuka maneno madogo madogo huwashinda hawa wenzetu. Alitaka kusema kando ya simba.

Nimenunua kilo mbili za matumbo na kuziweka kwenye friji ya Trizah. Hakuuliza ni za nani, nami sikusema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeenda kuwapokea Migori. Kultum aliposhuka basi, amejaa vumbi, kibegi chake cha kudarizia mkononi, nilisahau hotuba yote niliyokuwa nimeitayarisha. Nikasema tu, umefika. Akasema, nimefika. Kisha Mohammad akashuka akauliza kama joto hili ni la leo tu.

Kutoka Migori mpaka Homa Bay Mohammad alihesabu mawe. Kultum alitazama nje. Nilimwonyesha mashamba ya miwa nikamwambia ni ya miwa. Akasema anaona.

Nyumbani alikagua chumba, akapitisha kidole kwenye dirisha. Nauza mapazia na dirisha langu halina pazia! Sikuwahi kuliona. Yeye aliliona kabla hajavua viatu.

Naogopa. Naandika hapa tu, hakuna anayesoma.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya hekalu na ziwa. Sijui nianzie wapi.

Okemwa ameenda kanisani na ufunguo. Jumapili! Mimi Mwislamu, nitajuaje kwamba Mkisii ana kanisa la kuanzia asubuhi mpaka saa tisa? Nikawaambia wageni kwamba mahekalu ya miaka mia saba huingiwa kwa dirisha, ndiyo desturi. Nikapanda mkokoteni. Nusu yangu ikaingia. Nusu nyingine, yenye suruali, ikashikwa na msumari.

Nikiwa naning'inia hapo, Mohammad akasoma kwa sauti kibao cha mawe kilichokuwa chini ya tumbo langu. Hekalu limejengwa mwaka 1934. Akasema nyumba ya bibi yao ni kongwe kuliko hilo. Abdishakur, aliyekuwa akifungua duka lake, alileta koleo la kukata misumari kunitoa, na alichukua muda wake.

Kultum hakucheka wala hakukasirika. Alisimama mbele ya mlango wa mbao akimtazama yule tausi, akifuatisha mistari ya mkia wake kwa kidole hewani. Nikamuuliza anawaza nini. Akasema hakuna.

Mchana, ziwani. Heroe hawapo! Hata mmoja! Wamehama usiku, amesema yule mama wa nyasi, wakirudi wamerudi. Kulikuwa na bata mmoja tu. Mohammad alimpiga bata picha akaituma kwa ndugu zake Tanga.

Bibi kizee akapita, nikampa biskuti. Hilo angalau limefanikiwa.

Jioni nimemsikia Mohammad akimwambia Kultum asihangaike kufungua masanduku yote. Kultum alitoa uzi wake wa kudarizia. Sasa nina simba tu. Simba wasiponiokoa, Jumatano nimo ndani ya basi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nitaandika pole pole.

Tulienda na pikapu ya Abdishakur. Mimi na matumbo nyuma, wageni mbele. Boma la Mzee Elkanah lina ua mzito wa minyaa. Nikawasimamisha nje ya lango. Nikawanong'oneza hotuba: wasikimbie, wasiwatazame machoni, wajue kwamba mmoja ana mafua na mwingine mzee mno, wasimcheke. Mohammad, nilimwona kwa macho yangu, alijificha nyuma ya dada yake.

Nikarusha matumbo ndani ya lango kwa nguvu zangu zote.

Mbwa wawili wakayachukua na kuondoka nayo.

Halafu vigelegele! Wanawake wakatoka kila upande, wamevaa nguo za kanisani. Wa mbele alikuwa Nyamusi, mke wa Elkanah. Akamkumbatia Kultum, akamwita Nyar Tanga, binti wa Tanga, akaanza kucheza naye kuelekea kibanda kimoja pale langoni, kimepakwa udongo mpya. Mlangoni pa kibanda alisimama kijana mwenye koti na tai kwenye lile jua, jasho likimtiririka. Huyo ndiye Ken.

Mzee Elkanah alimshika Mohammad mikono yote miwili akamwita shemeji. Mohammad akaniuliza huyu ni shemeji yake kwa upande gani. Mzee akasema wasipoteze wakati, yeye ni mtu wa haki, anaanza na ng'ombe wanane, wengine baada ya mavuno. Mohammad alitaka kusema kitu. Kisha akakuna kidevu. Akauliza kama wanane hao ni wa maziwa. Sitamsamehe hilo mpaka nife.

Nikapiga kelele. Nikauliza simba wako wapi!

Ken akageuka, akaonyesha kibanda nyuma yake. Akasema kwa adabu, "Hii hapa. Simba yangu. Karibuni."

Nikatazama kibanda. Nikatazama cha pili, mabati yametoboka. Nikatazama cha tatu, cha zamani, ukuta umeliwa na mchwa, kinaegemea.

Kultum ndiye aliyefungua mdomo kwanza. Akamuuliza Nyamusi taratibu, mama, simba ni nini? Nyamusi akashangaa kwamba mchumba amekuja bila kuelezwa. Akasema simba ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa, inajengwa karibu na lango, na msichana akiletwa kuona simba ya kijana basi amekuja kuona kama atamtaka. Na yule anayemleta, anayetafutia watu wachumba, ndiye jagam.

Mshenga! Jagam ni mshenga! Nilikuwa mshenga wa mke wangu mwenyewe! Nikamsifia na mapishi!

Nikasema huyu ni mke wangu. Nilisema kwa sauti ndogo, na ilibidi nirudie. Mzee Elkanah akauliza kama nina akili timamu. Abdishakur alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi, anajifuta machozi ya kicheko.

Nilimtazama Kultum. Nilidhani atalia, au atapanda gari aseme twende, na hapo ingekuwa mwisho wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa ushungi na mabega yanatikisika. Kisha ushungi ukashuka. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akamshika Nyamusi bega asianguke, Nyamusi naye akaanza, wakaanza wanawake wote. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka tuliooana. Niliona aibu na nilifurahi, yote kwa pamoja, na sikujua uso niuweke wapi.

Aliyefurahi zaidi ni Ken. Akalegeza tai, akasema kwa kuwa wazee wote wako hapa, basi aseme. Ana mchumba wake, anaitwa Liz, anafundisha upande wa Asumbi, alikuwa anaogopa kumwambia baba. Mzee Elkanah akampigia kelele, akamkumbatia, akampigia kelele tena. Akasema sherehe haiwezi kupotea. Wakamletea Abdishakur kuku amchinje kwa desturi yetu ili wageni wale bila shaka, na tukala tukashiba.

Baadaye Nyamusi alitupeleka kwenye kuta za mawe nyuma ya boma. Ndefu kuliko mtu, jiwe juu ya jiwe, hakuna saruji, hakuna udongo, na zimesimama. Lango lake ni dogo, unaingia umeinama. Nyamusi akasema waliojenga walikuwa wanaogopa wanyama na watu. Kultum alipitisha mkono juu ya mawe kama anavyopima kitambaa. Kisha akapanda juu kidogo, akaniita. Bondeni, mbali, ndani ya mbuga, twiga. Sita au saba, wanatembea hawana haraka.

Akaniuliza kama nilishawahi kufika hapa. Nikasema mara nyingi sana. Akasema ndiyo maana umeuliza njia kwa watu wanne. Lakini hakuuondoa mkono wake kwenye mkono wangu, na tukawatazama twiga mpaka Mohammad alipopiga honi ya gari.

Jumanne, 12 Agosti

Mohammad amefunga mizigo yake na ya dada yake. Amenunua tikiti tatu, hakumuuliza mtu. Ameniambia kule mashineni kuna kiti kizuri, kina mto.

Kultum alikuwa dirishani anapima. Amesema bila kugeuka kwamba yeye haendi.

Mohammad akauliza kama ni kwa ajili ya bata. Kultum akasema mtu aliyekaa mahali miaka mitatu asijue jina la kibanda hawezi kuachwa peke yake, mwaka mwingine atamwoza mkewe kweli. Akasema tausi wa mlango wa hekalu anamtaka kwenye kofia, na ameshaanza kumdarizi. Akasema Nyamusi amemwalika kwenye harusi ya Ken. Akasema pia, na hili alilisema akinitazama mimi, kwamba Tanga analala mapema kwa sababu hakuna wa kumchekesha.

Nilienda dukani nikaleta pazia zuri kuliko yote, lile la dhahabu la mteja wa Rongo. Atasubiri.

Mohammad alinivuta pembeni. Nilidhani atanipiga. Akasema, kwa sauti ya chini, wanane haikuwa bei mbaya.

Jumatano, 13 Agosti

Mohammad ameondoka na kiti kitupu cha basi kila upande. Nilimpungia mpaka basi likapotea. Nyumba ina pazia, ina harufu ya nazi, ina mtu anayeimba jikoni. Kultum tayari anamwamkia Trizah kwa Kijaluo. Ameniambia nami nijifunze. Nimemwambia sina haja. Lile la simba lilikuwa bahati mbaya, neno moja kati ya maelfu, haliwezi kutokea mara mbili.

Na sasa hivi, ndiyo sababu ya kuandika kwa haraka, Trizah amepita na salamu kutoka kwa Mzee Elkanah. Mzee anauliza kama tutarudi wiki hii, kwa sababu mwaka huu, amesema, boma limejaa oduma.

Oduma!

Wenzetu hawa hupenda kutia O mbele ya kila kitu. Otieno, Okoth. Ondoa hiyo O, unabaki na duma! Mnyama mwenye mbio kuliko wote!

Nimemhoji Trizah kwa uangalifu, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Ziko nyingi? Amesema nyingi sana, hata nyuma ya jikoni ziko. Hazina hatari? Hapana, mzee amezianika kwenye turubai juani. Bila shaka, jamii yote ya paka hupenda jua. Kisha akasema neno lililonitia baridi. Amesema twende haraka, kabla mzee hajazipeleka kwa mashine kusagwa.

Kusagwa! Viumbe hai! Na mzee alionekana mtu mwenye huruma!

Nimeshawapigia watu wa wanyamapori. Aliyepokea amecheka, akampa simu mwenzake, naye akacheka. Basi nitawaokoa mwenyewe. Abdishakur amekubali kutoa pikapu tena, na safari hii hataki hata hela ya mafuta. Kultum nimemweleza yote. Amenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, machozi yanamtoka, ameguswa sana. Amesema kesho atakuja nami na atabeba magunia mawili, ndimu na pilipili.

Magunia naelewa. Sikujua kwamba duma hula ndimu.